Asilimia kumi ya nani? Usiuze vyumba vya mzee kabla hujasoma hapa

NDUGU msomaji, najua hapo kijiweni Manzese mkisikia kodi ya kuuza nyumba mnaona ni habari ya wakubwa wa Masaki. Basi ngoja simu ikufikie kutoka Kihurio. Mzee amechoka au ametangulia mbele ya haki, vile vyumba sita vya kupangisha alivyojenga kwa fedha ya mpunga vimepata mnunuzi, na wewe kijana wa mjini uliyeona darasa ndiye unayeitwa kusimamia mauzo. Unapanda basi hadi Same, unashika njia ya Kisiwani, Maore na Ndungu mpaka nyumbani, ukidhani kazi yako ni kuhesabu noti. Ukifika unakuta wapo walioanza kukuhesabia.

Wa kwanza ni yule mheshimiwa wa ngazi ya chini anayekwambia kwamba utaratibu wa hapa ni asilimia 10 ya bei. Anaitamka kama vile imeandikwa kwenye Katiba. Mchezo huu hauko Kihurio tu, umeenea mitaa na vijiji vya nchi nzima, na mawaziri wa ardhi wameukemea mpaka sauti zimewakauka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka halmashauri ya kijiji iridhie uhamisho wa ardhi ya kijiji. Kuridhia! Haina kifungu kinachompa mwenyekiti sehemu ya kumi ya jasho la baba yako. Kama kijiji kina ada yake halali, idai na stakabadhi yenye muhuri. Akikosa stakabadhi, hiyo si ada, ni chai. Wapare tunasemwa kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe kwa kesi ya kuku. Hapa kesi ni ya ng'ombe mwenyewe, sijui tunanyamazia nini.

Ujanja wao unafaulu kwa sababu ipo asilimia 10 nyingine, ya halali. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamtaka mkazi wa nchi hii anayeuza ardhi au jengo alipe asilimia 10 ya FAIDA. Si ya bei. Unachukua bei uliyouzia, unaondoa gharama ya kununua au kujenga, ukarabati na gharama za mauzo yenyewe. Kinachobaki ndicho kinachotozwa. Na inalipwa TRA, si kwa mtu aliyekaa chini ya mwembe. Kwa nyumba yenye hati, Msajili wa Hati haandikishi jina la mnunuzi mpaka aone cheti kwamba kodi hiyo imelipwa. Juu yake kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1, ambao kwa kawaida anaubeba mnunuzi.

Misamaha ipo. Nyumba uliyoimiliki na kuishi miaka mitatu au zaidi haitozwi kama faida haizidi shilingi milioni 15. Shamba ambalo thamani yake haifiki milioni 10, lililolimwa angalau miaka miwili kati ya mitatu ya mwisho, nalo halitozwi. Kwa hiyo jaruba dogo la mpunga linaweza kupona. Vyumba vya kupangisha havimo.

Sasa njoo kwenye kiini cha ugomvi wangu. Stakabadhi za mzee ziko wapi? Alinunua mifuko ya saruji miwili leo, mabati manne baada ya mavuno, fundi kamlipa kwa gunia la mpunga. Nani alimwandikia karatasi? Kwa mtu kama huyo sheria inasema hivi: asiye na kumbukumbu za gharama atalipa asilimia 3 ya bei aliyouzia, au ya thamani iliyoidhinishwa na mthamini wa serikali, ile iliyo kubwa. Tuseme nyumba ilimgharimu milioni 10, ameugua, mnauza haraka kwa milioni 8 mpate fedha ya hospitali. Mwenye stakabadhi hadaiwi kitu, maana amepata hasara. Asiye nazo anatoa 240,000. Mthamini akisema nyumba ni ya milioni 12, anatoa 360,000. Kodi ya mapato, juu ya hasara!

Sitaki kuwaongopea, kanuni hiyo mara nyingine inamwokoa mlalahoi. Tuseme mzee alijenga mwaka 1998 kwa milioni 6, leo mnauza kwa milioni 24. Mwenye stakabadhi ana faida ya milioni 18, kodi milioni 1.8. Asiye nazo, kama mthamini hakupandisha bei, analipa 720,000. Lakini tazameni hiyo faida yenyewe. Mwaka 1998 dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi 660, kwa hiyo milioni 6 zile zilikuwa dola elfu tisa hivi. Milioni 24, dola ikiwa shilingi 2,500, ni dola 9,600. Mzee hajatajirika. Shilingi ndiyo iliyoanguka, na aliyekuwa ameishika wakati wote huo ni serikali ya CCM. Leo serikali hiyo hiyo inamtoza mzee kodi kwa kuanguka kwake.

Na hawa wanaotunga sheria si wageni wa biashara ya pango. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikataifishwa. Halafu mwaka 1991 chama kikaketi Zanzibar, miiko ikalegezwa, vigogo wakaanza kujenga. Kigogo ana mhasibu wa kumtunzia kila karatasi. Wewe una daftari la mzee lililoliwa na mchwa.

Kuna mjanja atakushauri mwandike bei ndogo kwenye mkataba. Usikubali haraka. Thamani ya mthamini itakukuta pale pale, na mnunuzi akikulipa nusu kisha akaota mbawa, mahakama itasoma bei iliyoandikwa. Afadhali mumketishe mzee angali hai, mwandike fundi alilipwa nini, bati lilinunuliwa wapi, na yule fundi atie sahihi. Iwapo TRA wataikubali karatasi hiyo ni juu yao, ila ni bora kuliko mikono mitupu.

Kila Juni wabunge hupitisha Sheria ya Fedha pale Dodoma. Mbunge wa Same Mashariki akija Kihurio kuomba kura, kabla hajagawa kofia na fulana, muulizeni kwa nini shilingi ya mwaka 1998 inahesabiwa sawa na ya leo.