Udogo wa chombo hauondoi wajibu wa dereva wa biashara

Biashara ya kufikisha bidhaa kwa mteja mahali alipo imekuwa sehemu ya maisha ya kila siku katika miji ya Tanzania. Mkazi wa Mbezi huagiza kiatu Kariakoo kwa simu akakipokea jioni mlangoni kwake. Mama lishe wa Dodoma huletewa unga na mafuta ya kupikia bila kufunga banda lake. Fundi wa Mwanza hupelekewa kipuri akiwa chini ya gari. Kazi hiyo hufanywa na vijana wenye pikipiki, bajaji za mizigo, na magari madogo ambayo wananchi wameyazoea kwa jina la kirikuu.

Pamoja na kukua kwa shughuli hiyo, bado ipo dhana kwamba masharti ya udereva wa kibiashara yanawahusu madereva wa mabasi na malori peke yao. Kijana mwenye leseni ya kuendesha gari la nyumbani hukabidhiwa kirikuu cha mwajiri, akaanza kusambaza mizigo siku hiyohiyo. Sheria za Tanzania hazilitazami jambo hilo hivyo. Kinachoamua ni matumizi ya chombo, na chombo kinachofanya kazi ya biashara hubaki kuwa cha biashara hata kama ni kidogo.

Daraja la leseni

Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, hakuna anayeruhusiwa kuendesha chombo cha moto bila leseni ya daraja linalolingana na chombo hicho. Kwa waendesha pikipiki, daraja A ni la pikipiki kubwa na A1 ni la pikipiki ndogo, ilhali A2 ni la vyombo vya magurudumu matatu, zikiwemo bajaji. Hivyo, mwenye daraja A1 aliyezoea pikipiki hawezi kupanda bajaji ya mizigo kwa leseni hiyohiyo, hata kama bosi ni mmoja na njia ni ileile.

Kwa upande wa magari, tofauti inayosahauliwa zaidi ni ile iliyopo kati ya daraja B na daraja D. Mwenye daraja B anaruhusiwa kuendesha magari isipokuwa pikipiki, magari ya biashara, magari makubwa na magari ya abiria. Daraja D huondoa zuio la magari ya biashara, huku mazuio mengine yakibaki. Kwa maana hiyo, kirikuu kinachosambaza mizigo kwa malipo kinahitaji dereva mwenye daraja D. Umahiri wa dereva aliyekaa miaka kumi na gari la familia hauzibi pengo hilo.

Wajibu huu haumwangukii dereva pekee. Sheria humkataza pia mmiliki kumwajiri au kumruhusu mtu asiye na leseni stahiki kuendesha chombo chake. Mwenye duka anayekabidhi funguo bila kusoma daraja lililoandikwa kwenye leseni anashiriki kosa hilo, hata kama hakuwemo garini.

Chombo na biashara yenyewe

Leseni ya dereva ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni chombo. Usajili wa Tanzania hutenganisha matumizi kwa rangi ya kibao cha namba: njano kwa chombo binafsi na nyeupe kwa chombo cha biashara. Gari lenye namba ya njano linaloshinda likisambaza vifurushi kwa nauli hutangaza jambo moja kwenye kibao na kufanya jingine barabarani.

Aidha, usafirishaji wa abiria au mizigo kwa malipo husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019 na kuchukua majukumu ya usafiri wa nchi kavu yaliyokuwa chini ya SUMATRA. Mbali na kutoa leseni za usafirishaji, Mamlaka hiyo imepewa jukumu la kusajili wahudumu na kuthibitisha madereva wa vyombo vya biashara vinavyodhibitiwa.

Hatua ya tatu ni aina ya huduma. Anayepokea vifurushi vya watu mbalimbali na kuvifikisha kwa walengwa kama biashara anaingia katika eneo la huduma za posta na usafirishaji wa vifurushi, ambalo liko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Ndiyo sababu mfanyabiashara mmoja anaweza kujikuta akihitaji kuzungumza na Polisi wa Usalama Barabarani, LATRA na TCRA kwa shughuli ambayo yeye huiona ni moja. Kila taasisi hutazama upande wake: dereva, chombo, na mzigo wa mteja.

Gharama halisi iko kwenye ajali

Wapo wanaopima uzito wa masharti haya kwa kiwango cha faini. Bajeti ya mwaka 2021/22 ilishusha faini ya kosa la barabarani kwa pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi shilingi 10,000, hatua iliyowapa nafuu vijana wengi wanaoishi kwa kipato cha siku. Hata hivyo, nafuu hiyo haigusi hasara kubwa zaidi, ambayo hujitokeza pale mtu anapogongwa au mzigo unapoharibika.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka kila mwenye chombo cha moto awe na bima inayomlinda mtu wa tatu. Bima ni mkataba, na mkataba huo hutaja matumizi ya chombo. Mmiliki aliyekata bima ya matumizi binafsi kisha akakifanyia chombo chake biashara, au aliyemweka dereva asiye na daraja stahiki, huipa kampuni ya bima hoja ya kupinga madai. Vilevile, bima ya lazima ya mtu wa tatu haikuwekwa kwa ajili ya kulipa mzigo uliobebwa wala kulitengeneza gari lenyewe. Anayesafirisha televisheni ya mteja akiwa na bima hiyo pekee anapaswa kufahamu kwamba ikivunjika, fidia itatafutwa mfukoni mwake.

Upo pia ulinzi wa dereva mwenyewe. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) hulipa fidia kwa mfanyakazi anayeumia au kufariki kutokana na kazi. Dereva wa vifurushi anayelipwa kwa safari mara nyingi huambiwa kwamba amejiajiri, hivyo hayumo. Kauli hiyo haitoshi kisheria. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, kinaweka vigezo vya kumdhania mtu kuwa mwajiriwa, vikiwemo kufanya kazi chini ya usimamizi wa mwingine, kupangiwa saa za kazi, kupewa vitendea kazi, na kumtegemea mtu mmoja kwa kipato. Kijana anayeendesha pikipiki ya kampuni, akavaa fulana yake na kupangiwa muda wa kuripoti ana sababu ya kuuliza hadhi yake ingali mapema, kabla swali hilo halijaulizwa na ndugu zake wodini.

Saa za kazi na uchovu

Swali la hadhi linagusa moja kwa moja usalama wa barabara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku kwa mwajiriwa. Anayelipwa kwa kila kifurushi, bila mkataba, hana anayemhesabia saa hizo. Kadiri anavyokimbia ndivyo anavyopata, na jioni akiwa amechoka ndipo maagizo huwa mengi. Ukomo wa mwendo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi humhusu sawasawa na dereva wa basi.

Tanzania haiko peke yake katika kulitafakari suala hili. Kwa miaka mingi, sheria za Umoja wa Ulaya za kurekodi saa za uendeshaji ziliyahusu magari ya mizigo yenye uzito wa zaidi ya tani 3.5. Kutokana na kuongezeka kwa magari madogo ya mizigo, kikomo hicho kimeshushwa hadi tani 2.5 kwa magari yanayovuka mipaka ya nchi, kuanzia Julai 1, 2026. Mantiki yake inafanana na iliyomo katika sheria za hapa nchini: uchovu wa dereva haupungui kwa sababu gari lake ni dogo.

Hatua za kuchukua

Kwa dereva, hatua ya kwanza ni kusoma leseni yake na kulinganisha daraja lililoandikwa na chombo anachoendesha. Kwa kuwa leseni hudumu miaka mitano, wakati wa kuihuisha ni nafasi nzuri ya kuongeza daraja linalohitajika baada ya kupata mafunzo na kufaulu majaribio. Kwa mmiliki, ni kuhakiki mambo manne kabla ya chombo kutoka: daraja la dereva, rangi ya kibao cha namba, matumizi yaliyotajwa kwenye bima, na leseni ya usafirishaji. Kwa mteja, kumuuliza msafirishaji kama ana leseni ya huduma ya vifurushi ni haki yake, hasa anapokabidhi mzigo wa thamani.

Kazi ya kusambaza bidhaa imewapa vijana wengi riziki ya halali, na masharti haya yanailinda riziki hiyo isipotee kwa ajali moja. Wananchi wanahimizwa kufika katika ofisi za LATRA za mikoa na vituo vya Polisi wa Usalama Barabarani kupata ufafanuzi kabla ya kuingiza chombo barabarani.