Tope Hupiga Hodi



Wenzetu wanapofia mgodini, aghalabu tunaambiwa kuwa ni ajali. Tunazika, kisha tunanyamaza. Hatuna budi kulitafakari neno hilo. Dalili ya mvua ni mawingu, na tope la mgodini nalo hupiga hodi kabla ya kuingia.

Usiku wa tarehe 25 Septemba 1970, tope liliingia katika mgodi wa shaba wa Mufulira, nchini Zambia, likawaua wachimbaji 89. Lilikuwa mabaki ya kinu cha mgodi huohuo, yaliyolundikwa katika bwawa juu ya ardhi iliyodidimia kwa sababu ya uchimbaji chini yake. Mahali pa bwawa hilo palichaguliwa na watu.

Hatari hiyo haijatoweka. Iko migodi ambamo mwamba hukatwa upande wa chini ili uporomoke kwa uzito wake wenyewe, kisha mawe hutolewa kupitia milango iliyo chini. Juu hubaki shimo kubwa linalopokea mvua. Maji yakichanganyika na mawe yaliyosagika huwa tope, nalo likitikisika hufoka ghafla milangoni. Huko Grasberg, nchini Indonesia, tarehe 8 Septemba 2025, takriban tani 800,000 za tope ziliingia mgodini, wakafa watu 7.

Kinga zinajulikana. Maji ya mvua yaelekezwe mbali na shimo. Mawe yatolewe kwa uwiano katika milango yote. Unyevu upimwe mara kwa mara. Mlango uliolowa ufungwe, au mashine yake iendeshwe kutoka mbali.

Kwetu Mererani uchimbaji ni wa namna nyingine, lakini maji ni yaleyale. Mafuriko ya mvua yaliwazamisha makumi ya wachimbaji mwaka 1998, na tena mwaka 2008. Hapo ndipo lilipo swali la haki: ni nani awezaye kusema, "Leo hatushuki"? Anayeliona tone la kwanza ni mchimbaji. Mwenye amri yuko juu, pakavu. Na mchimbaji anayetegemea chakula na mgawo wa kitakachopatikana, akikataa kushuka, hulala njaa.

Wenye mashimo watasema kwamba kusimamisha kazi ni hasara. Ni kweli. Lakini hasara hiyo haifai kulipwa kwa uhai wa maskini. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, alifundisha kwamba kazi hutangulia mtaji.

Miongoni mwetu wamo wachimbaji, na wamo wenye mashimo. Basi viongozi wa walei na wa jumuiya ndogondogo wawakutanishe kabla ya masika, wakubaliane jambo moja: atakayeona maji na kusimamisha kazi asifukuzwe, wala asinyimwe chakula chake. Tukishindwa hilo, tusiseme tena kwamba tope lilikuja ghafla.