Makueni: Swali ambalo tembe haiwezi kulijibu

MKAZI wa Kiboko, Kaunti ya Makueni, anayemwuliza daktari kiini cha maradhi yake kabla ya kupokea tembe hamkosei heshima. Historia ya eneo hilo inamtetea.

Mnamo 2004, watu 317 waliugua katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, 125 wakafariki. Macho yaligeuka manjano, maini yakaharibika, ila virusi havikuwa chanzo. Jibu lilipatikana ghalani: mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yalikuwa yameota kuvu inayozalisha sumu ya aflatoksini. Baadhi ya sampuli zilipita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo mara 220. Hakuna tembe ya kuizimua sumu hiyo, sembuse mgonjwa akirudi kwenye sufuria ile ile.

La kusikitisha ni kuwa Machakos, wilaya iliyojumuisha Makueni enzi hizo, ilikuwa imeshuhudia vifo kama hivyo mwaka wa 1981.

Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake na vipimo vilivyopo. Lakini zahanati isiyo na maabara itampima nini? Hapo ndipo mhudumu anapolazimika kuuliza, hata foleni ikiwa ndefu, nyumbani wanakula nini na nani mwingine anaumwa.