Uchachu Uliokosa Mshairi

Imekuwa desturi, kila bia ya ngano yenye tunda na uchachu itokapo katika kiwanda kidogo na kufika mezani, isifiwe kwa upya wake. Mnywaji huambiwa kuwa ndani yake mna nafaka, mna embe au pesheni, mna uchachu ulioachwa makusudi. Naye hustaajabu kwamba bia yaweza kuwa chachu na bado ikawa njema. Jijini Dar es Salaam mshangao huo hauna udhuru. Nafaka iliyooteshwa, tunda lililoiva na uchachu uliopimwa kwa ulimi ndiyo mbege, na mbege hunywewa katika vitongoji vya jiji hilo hilo na watu ambao hakuna aliyepata kuwaita waonjaji. Lawama ya jambo hili haiwaangukii wauza bia, kwani muuzaji husifu kilicho chake. Inawaangukia wenye kalamu.

Itazamwe Ukonga, ng'ambo ya uwanja wa ndege, njiani kuelekea Pugu. Wengi huijua kwa gereza lake. Wakazi wake huijua kwa vituo vyake, kimoja kikiitwa Mombasa na kingine Banana, majina ambayo yangemfanya msomaji wa visiwani atabasamu. Vitongoji vya namna hiyo vimejengwa na watu waliotoka kwingi, na aliyetoka Kilimanjaro hakuja mikono mitupu. Alikuja na ujuzi wa mbege, na ujuzi huo, mikononi mwa wanawake wengi, umegeuka ada ya shule na kodi ya nyumba.

Ujuzi wenyewe si mdogo. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi hadi ziwe nyekundu ya kahawia, kisha huachwa zipoe na kuchachuka kwa siku kadhaa. Ulezi huloweshwa, huoteshwa, huanikwa na kusagwa hata uwe kimea. Kimea hupikwa uji pamoja na magome ya msesewe, mti unaotia uchungu kama vile Wazungu watiavyo hopsi katika bia yao. Maji ya ndizi yaliyochujwa na uji wa ulezi vikutanapo, pombe hulala usiku mmoja, na asubuhi yake huwa tayari. Mpishi hana kipimajoto wala mizani ya maabara. Ana pua, ana sikio la kusikiliza mtungi ukitokota, na ana ulimi. Akikosea siku moja, pombe yake ni siki na mtaji wake umemwagika.

Na kinywaji hicho huonjwaje? Hufika katika kata au kibuyu, kizito, chenye rangi ya udongo na povu la chembe za ulezi. Harufu ya ndizi iliyopikwa hutangulia. Mdomoni utamu huja kwanza, nao haukai. Uchachu huupokea na kuutuliza. Kisha hufika uchungu wa msesewe nyuma ya ulimi, na mwisho wa yote hubaki ukakasi, ule ulimi kukauka na kukunjamana ambao mlaji wa ndizi mbichi anaujua. Uchachu, ugwadu, uchungu, ukali, ukakasi: Kiswahili kina maneno haya yote, na kila moja lina mahali pake. Ugwadu ni wa ukwaju na embe changa. Uchachu ni wa kitu kilichoumuka. Asemaye kuwa lugha hii haina msamiati wa kuonja hakuitafuta, au aliitafuta katika vibandiko vya chupa.

Kisa cha dharau hii kimo katika neno moja, nalo ni "kienyeji". Kuku wa kienyeji husifiwa sokoni na bei yake hupanda. Hakuna mnunuzi amwonaye mtu duni kwa kumchagua kuku huyo. Kinyume chake, huonekana anajua kula. Lakini neno hilo hilo likikaa nyuma ya pombe, hugeuka tusi: huleta picha ya uchafu, ulevi wa mchana na watu walioshindwa na maisha. Kuku na pombe vimetoka ua mmoja. Ikiwa uenyeji ni sifa ya nyama, kwa nini uwe aibu ya kinywaji?

Jibu lina historia. Serikali ya Kiingereza katika Tanganyika iliwagawa wanywaji kwa rangi. Vileo vya Kizungu, hasa vikali, vilikuwa haramu kwa Mwafrika kwa miaka mingi, na pombe zake mwenyewe ziliwekewa sheria yake, leseni zake na vilabu vyake vya mjini. Kiwanda cha bia cha Tanganyika kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1933, na chupa yake ikawa alama ya daraja ambayo wengi hawakuruhusiwa kuipanda. Uhuru ulipokuja, mlango ulifunguliwa, lakini ngazi haikuondolewa. Sheria ya Vileo ya 1968 iliendelea kuiweka pombe ya kienyeji katika fungu lake peke yake. Kunywa chupa kukawa maendeleo, kunywa kata kukawa kubaki nyuma. Mwandishi anayekejeli kilabu cha Ukonga leo hadhani kuwa anakariri somo la mkoloni, lakini analikariri neno kwa neno.

Ubelgiji ilifanya vingine. Katika bonde la mto Senne, karibu na Brussels, kuna bia iitwayo lambic, itengenezwayo kwa shayiri iliyooteshwa na ngano isiyooteshwa, na kuumuliwa na chachu ziingiazo zenyewe kutoka hewani. Baadhi hutiwa cheri, ikaitwa kriek. Ni chachu, ina tunda, na mgeni aionjapo mara ya kwanza hukunja uso. Wabelgiji hawakuionea haya. Waliiandikia vitabu, wakawaheshimu watengenezaji wake, na mwaka 2016 UNESCO ikauingiza utamaduni wa bia wa nchi hiyo katika orodha ya urithi wa binadamu. Mbege ni binamu wa kriek. Tofauti yao kubwa haimo mtungini. Imo katika maneno yaliyosemwa juu ya mmoja na kunyimwa mwingine.

Watakuwapo watakaopinga, na hoja zao zastahili jibu. Wa kwanza ni mwenye dini, naye visiwani ni wengi. Huyo hatakiwi kunywa wala kubadili hukumu yake. Anatakiwa tu asichanganye mambo mawili: kukiharamisha kinywaji ni haki ya imani yake, kumdharau mpishi kwa kuwa ni maskini hakumo katika imani hiyo. Wa pili atataja vifo. Ni kweli vimetokea. Mei 2014 nchini Kenya makumi ya watu walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli. Lakini methanoli ile haikutoka katika ndizi wala ulezi, na mbege hainekwi kama gongo. Hatari ya kweli ya mbege ni maji machafu na vyombo vibaya, na dawa yake ni bomba la maji, ukaguzi wa haki na leseni inayopatikana bila hongo. Dharau haijasafisha mtungi hata mmoja. Humsukuma mpishi nyuma ya nyumba, ambako hakuna mkaguzi.

Wa tatu atasema kuwa ushairi una mambo makubwa zaidi. Huyo ndiye wa kushangaza, kwani pwani ndiyo iliyofundisha kinyume chake. Ahmed Sheikh Nabhany aliutungia mnazi kitabu kizima cha mashairi, "Umbuji wa Mnazi", kilichochapishwa mwaka 1985, ili majina ya mti huo na matumizi yake yasife na wazee. Kabla yake, wahenga walikuwa wamekwisha kumpa mgema methali: akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hiyo hukaririwa kama onyo dhidi ya sifa, lakini ndani yake mna jambo jingine. Yuko mtu aliyeonja na kutambua kuwa maji yameingia. Pwani ilikuwa na waonjaji, na iliwaamini hata ikaijenga hekima yake juu ya ndimi zao.

Mpishi wa mbege wa Ukonga hana haja ya kuonywa juu ya sifa, maana hakuna aliyemsifu. Anayo maneno ya kazi yake, ya Kichagga na ya Kiswahili, ya kila hatua toka ndizi hadi machicha, na hayo yatakwenda kaburini pamoja naye iwapo washairi wataendelea kumtumia kama kichekesho cha ubeti wa tatu. Mtungaji ajaye apande basi la Gongo la Mboto, ateremke Ukonga na kuuliza majina hayo kwa adabu. Akiwa hanywi, na asinywe, kuuliza hakulewishi.