Salio la Zawadi la Hoteli: Lini ni Punguzo, Lini ni Chambo?



Himdi zote anastahiki Allah, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Familia nyingi za Unguja na Pemba zina mtu wao Bara. Mmoja ana duka la nguo, mwengine la vifaa vya ujenzi, mwengine ni mwalimu wa skuli. Wala hawako Dar es Salaam na Mwanza tu. Wapo waliofika Bariadi, Maswa na Lamadi, katika Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012 na unaojulikana nchini kote kwa pamba yake. Ikitokea harusi, maradhi au msiba, jamaa wa visiwani hufunga safari kwenda huko. Siku hizi mahali pa kulala hutafutwa kwa simu, na kwenye simu ndiko linakotokea tangazo: weka nafasi leo, tumekupa salio la shilingi elfu hamsini la kutumia hotelini.

Swali linalotufikia ni hili: salio hilo ni halali? Na je, ni salama? Jibu letu kwa ufupi ni kwamba punguzo la kweli halina ubaya, lakini salio linalokutaka utangulize fedha yako ili ulipate limeshatoka kwenye maana ya zawadi. Tutaeleza kwa utaratibu.

Salio hili ni kitu gani?

Kampuni za mtandaoni za kuweka nafasi za hoteli, kubwa kwa ndogo, hutoa salio la namna hii ili kuvuta wateja. Huwa ni pointi, kuponi, au kiasi kinachoandikwa kwenye akaunti yako. Aghalabu huwa na masharti: lina tarehe ya kumalizika, halitolewi kuwa fedha taslimu, hutumika kwa baadhi ya hoteli tu, na mara nyingi linataka ulipe chumba chote mapema kupitia kampuni yenyewe badala ya kulipa ukifika. Ukiighairi safari, fedha yako huenda ikarudi na salio lisirudi, au visirudi vyote viwili.

Hapo ndipo hatari ya kwanza ilipo. Tuchukulie mfano. Mama na watoto wawili wanatoka Unguja kwa boti, kisha basi kutoka Dar es Salaam kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga, hadi Maswa na Bariadi. Wanafika usiku wamechoka. Chumba wameshalipia kwenye simu, sehemu kwa fedha na sehemu kwa salio. Mwenye nyumba ya wageni anafungua daftari lake: jina halimo, na fedha haijamfikia. Katika mji mkubwa kampuni ingeweza kuwatafutia hoteli nyengine mtaa wa pili. Katika mji kama Bariadi, ambako nyumba nyingi za wageni hupokea wageni kwa kupigiwa simu na kulipwa kwa mitandao ya simu, huenda hapana hoteli nyengine ya kampuni hiyo iliyo karibu. Na katika siku za shughuli kubwa vyumba hujaa. Waliofika kwenye maonesho ya kitaifa ya Nanenane viwanja vya Nyakabindi, mwaka 2018 hadi 2020, wanajua tunachokisema.

Basi mama yule ameokoa elfu hamsini kwenye karatasi, na usiku ule analipa chumba mara ya pili, kama fedha ipo. Ikiwa haipo, anakaa stendi na watoto wake. Punguzo la bei lisitusahaulishe kuuliza: nani anasimama nyuma ya chumba hiki?

Chambo

Hatari ya pili ni kubwa zaidi, kwa sababu haiishii usiku mmoja. Kuna matapeli wanaovaa majina ya kampuni za hoteli zinazojulikana. Kijana hupelekewa ujumbe kwamba kuna kazi nyepesi: kuzipa hoteli nyota, au kuweka nafasi za uongo ili hoteli zipande kwenye orodha. Huanzishiwa salio la bure, anaona linakua, na mara ya kwanza hulipwa kitu kidogo kweli. Kisha kazi inayofuata haifunguki mpaka aweke fedha yake. Anaweka elfu ishirini, halafu laki moja, halafu anakopa. Siku akitaka kutoa, anaambiwa alipe kodi kwanza. Salio linalosomeka kwenye kioo ni tarakimu tu. Fedha yake ilishaondoka.

Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, imeeleza kwamba malalamiko ya utapeli wa kazi za namna hii hayakuwapo mwaka 2020, yakafika 5,000 mwaka 2023, na takriban 20,000 katika nusu ya kwanza tu ya mwaka 2024. Kwetu sisi nao si wageni. Februari 2025 polisi walikamata watu katika mikoa kadhaa ya Tanzania kwa tuhuma za kuendesha mpango ulioitwa LBL, ambao watu waliingia kwa kutoa fedha na kuahidiwa malipo kwa kutazama matangazo kwenye simu. Na wazee wanaikumbuka DECI, iliyosimamishwa mwaka 2009, watu wakiwa wameshapanda "mbegu" zao na kungoja mavuno. Jina hubadilika, chambo ni kilekile: unaonyeshwa faida kabla ya kuonyeshwa biashara.

Tunaizungumzia Simiyu kwa sababu pia ya msimu. Mkulima wa pamba hupata fedha yake kwa mkupuo, miezi michache ya mwaka, na mwenye duka naye huuza zaidi wakati huohuo. Mtu mwenye fedha nyingi kwa muda mfupi ndiye windo la tapeli. Vijana wetu walioko huko, walio mbali na wazee wa kuwauliza, wapigiwe simu na waambiwe mapema.

Hatari ya tatu ni salio la kununua kwa mtu. Utakuta kwenye makundi ya simu: "Nina salio la hoteli, nakulipia chumba, nipe nusu ya bei." Mara nyingi akaunti hiyo au kadi iliyotumika ni ya kuibiwa. Mwenyewe akilalamika, kampuni hufuta nafasi, hoteli haipati kitu, na wewe fedha yako uliyomtumia mtu usiyemjua haina wa kuirudisha.

Sheria inasemaje?

Asili ya biashara ni halali, na muuzaji kupunguza bei yake ni wema. Lakini Allah ametukataza katika Suratun Nisaa, aya ya 29, kula mali zetu baina yetu kwa batili, isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana. Na katika Sahihi Muslim Mtume (swalla Allahu 'alayhi wa sallam) amekataza biashara ya gharari, yaani ile ambayo mtu hajui anachokipata. Juu ya misingi hiyo tunasema:

Kwanza, salio lililotolewa bure na muuzaji, masharti yake yakajulikana, linajuzu. Hukumu yake ni punguzo au hiba. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 14 mjini Doha, Januari 2003, liliruhusu kadi za pointi za hoteli zinazotolewa bila malipo, na likakataza zile zinazotolewa kwa malipo, kwa ajili ya gharari iliyomo.

Pili, salio linalopatikana kwa kuzungusha gurudumu la bahati baada ya kulipa fedha ni kamari.

Tatu, fedha unayoweka kwenye akaunti ya kampuni ili upewe ziada, wanavyuoni wamekhitalifiana. Wapo walioihesabu ni malipo ya mapema ya huduma inayojulikana, wakaruhusu punguzo lake. Wengine wameiona ni mkopo unaovuta manufaa, na hiyo ni riba. Sisi tunanasihi kuiacha, hasa ikiwa huduma yenyewe haijatajwa.

Nne, kuuza salio au chumba usichokimiliki kunaingia katika katazo la Mtume kwa Hakim bin Hizam, aliyekatazwa kuuza asichonacho.

Tano, na hili husahauliwa: ukifika hotelini ukakuta mwenye nyumba hakulipwa, usilale kisha ukaondoka alfajiri ukisema "nimeshalipa kwenye simu." Kubaliana naye kabla hujaingia chumbani. Jasho lake ni haki yake, na madai yako yako kwa kampuni.

La kufanya

Kabla ya safari, soma masharti ya salio, hasa ya kughairi. Chagua kulipa ukifika pale inapowezekana, hata kama salio litapotea. Ipigie hoteli yenyewe, uwatajie jina na tarehe, uwaulize kama wanaiona nafasi yako. Mwombe jamaa aliyeko Bariadi au Lamadi apite kwa miguu. Macho yake ni bora kuliko nyota za mtandaoni. Namba ya siri ya simu usimpe yeyote, awe amejitambulisha kwa jina la hoteli au la benki. Namba iliyotuma ujumbe wa kitapeli itumwe kwa TCRA kupitia 15040, na aliyekwishaibiwa aende polisi akiwa na ujumbe na risiti zake, asizifute kwa aibu.

Wazazi, msiwakemee watoto waliotapeliwa mpaka wakaogopa kusema. Anayenyamaza huweka fedha nyengine akitaraji kuirudisha ya kwanza, na mara nyingi hiyo ya pili ni ya kukopa.

Tunamuomba Allah atujaalie chumo la halali, na awafikishe salama wasafiri wetu. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.