Walionyamaza Agosti 2022

Husemwa mikutanoni, na hata baada ya ibada, kwamba Mkenya amechoshwa na kura. Hatuyakanushi madai hayo. Mwaka 2013, kati ya kila 100 waliojiandikisha, wapatao 86 walipiga kura. Mwaka 2022 walikuwa 65 hivi. Karibu milioni 8 walibaki nyumbani, ilhali mshindi wa urais alimpita aliyemfuata kwa kura 233,211.

Je, ni uvivu? Sisi tunaoikumbuka milolongo ya 1988, foleni fupi ilipotangazwa kuwa ndefu, hatuwezi kutamka hivyo upesi. Juni 2024 vijana waliodaiwa kutojali siasa walijaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha. Wengine waliuawa, na Rais akakataa kuutia saini. Hao si watu waliolala. Wameususia mlango mmoja tu, nao uliharibiwa na vyama vyenyewe: mchujo hufanywa gizani, tikiti humwendea mwenye fedha, na sisi mawakili, tukiri, hulipwa kumtetea.

Hata hivyo, maandamano hayamchagui mwakilishi wa wadi, na bajeti ya kaunti hupitishwa na waliochaguliwa. Kwa hiyo tunavitaka vyama vitangaze hadharani daftari za wanachama wao kabla ya mchujo. Nao wachungaji na viongozi wa jumuiya ndogondogo tunawasihi wawaarifu vijana kwamba sheria huruhusu kujiandikisha wakati wowote, isipokuwa uchaguzi unapokaribia.