Saa zilizookolewa na mtandao zimekwenda wapi?

Wadau, leo siasa naziweka pembeni. Nataka tuzungumze mseto. Si ule wa mchele na choroko, wala si serikali ya mseto. Nasema ufundishaji mseto, ambapo mwanafunzi anasoma sehemu ya somo mtandaoni na sehemu nyingine ana kwa ana na mwalimu. Mwaka 2022 Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ilitoa mwongozo wa mambo haya, na vyuo vya udaktari navyo vimo. Semina za mada hii nimetumwa kuziripoti mara kadhaa. Ukifika unakuta projekta, chupa za maji na mkubwa mmoja anasema "lazima twende na wakati". Sawa, twende. Ila kwanza tujue tunakwenda wapi.

Mseto wenyewe siupingi. Nina ugomvi na makundi mawili.

Kundi la kwanza ni wazee wetu wanaosema udaktari haufundishwi kwa kompyuta. Nawaheshimu, shikamooni, lakini hebu tuambiane ukweli. Mhadhiri anasimama mbele ya ukumbi wenye vijana mia na ushee, anasoma slaidi moja baada ya nyingine kwa saa mbili, anaondoka. Huyo ameshakuwa video siku nyingi. Tofauti ni kwamba video ungeweza kuirudisha nyuma pale usipoelewa. Jinsi figo inavyochuja damu mwanafunzi anaweza kuiangalia chumbani kwake mara kumi, na asidhurike mtu.

Tena hili jambo si geni hapa jirani. Mwaka 2005 Amref na wenzao Kenya walianzisha mpango wa kuwapandisha daraja wauguzi zaidi ya 20,000 kutoka cheti hadi diploma. Madarasa ya kuwatosha hayakuwepo, na ukiwatoa wote kazini wodi zinabaki tupu. Wakaamua masomo yaende kwa kompyuta na CD, vituo vya kusomea viwekwe karibu na kazi, na muuguzi aendelee kufanya mazoezi hospitalini chini ya msimamizi. Hiyo ni miaka minne kabla waya wa Seacom haujafika Dar es Salaam, Julai 2009! Kompyuta ikabeba kinachobebeka, wodi ikabaki wodi. Basi wazee, hoja ya kwamba haiwezekani imeshapitwa.

Kundi la pili ndilo linaloninyima usingizi. Hawa wanaupenda mseto kupita kiasi. Wasikilizeni wanavyoongea. Watakwambia idadi ya wanafunzi itakayoongezeka, kumbi ambazo hazitajengwa, wahadhiri ambao hawataajiriwa. Mgonjwa hatajwi mpaka semina inafungwa.

Wanapenda pia kusema kwamba "utafiti umethibitisha". Nimeusoma huo utafiti. Mwaka 2009 wizara ya elimu ya Marekani ilichapisha uchambuzi mkubwa, na kweli waliosoma kwa mseto walifanya vizuri kuliko waliokaa darasani tu. Lakini ripoti hiyo hiyo ilionya kwamba mara nyingi wale wa mseto walipata muda zaidi wa kujifunza na nyenzo ambazo wenzao hawakupewa. Mwaka 2016 ukatoka uchambuzi mwingine, wa tafiti 56 za mafunzo ya afya. Nao ukasema mseto unafanya vizuri sawa na njia ya zamani au zaidi, ila matokeo yanatofautiana sana kati ya utafiti mmoja na mwingine. Kwa hiyo, mwenzangu, ukichukua mseto halafu ukapunguza muda wa mwanafunzi na mwalimu, usijifiche nyuma ya tafiti hizo. Unachofanya wewe ni kitu kingine.

Corona nayo ilitupa somo. Machi 2020 vyuo vingi vya udaktari vya Marekani na Uingereza viliwatoa wanafunzi hospitalini. Mihadhara ilihamia mtandaoni ndani ya siku chache. Wodi haikuhama.

Haiwezi kuhama. Bandama la mtoto aliyeugua malaria mara nyingi linapapaswa kwa vidole, taratibu, mtoto akivuta pumzi, mpaka uhisi ukingo wake unakuja kugonga mkono. Mara ya kwanza huhisi kitu. Ya pili unadhani umehisi. Inabidi mwenye uzoefu akushike mkono akwambie, si hapo, shuka kidogo. Upungufu wa damu unausoma ndani ya kope na viganjani, na kila mgonjwa ana rangi yake. Haya mambo hayana njia ya mkato.

Rafiki yangu mmoja, sasa ni daktari mkoani, alisoma chuo ambacho sitakitaja. Raundi ya wodi walikuwa wanazunguka kitanda kimoja watu karibu ishirini. Aliyechelewa anasoma mgongo wa koti la mwenzake. Anasema bandama lililovimba alilishika kwa uhakika mara ya kwanza akiwa mtarajali, usiku, peke yake, na mama wa mtoto amesimama pembeni anamwangalia usoni. Yule mama hakujua kwamba anashuhudia somo.

Sasa angalieni hesabu. Hadi katikati ya miaka ya 1990 nchi nzima ilitegemea Muhimbili, iliyoanza mwaka 1963. Leo madaktari wanafundishwa Moshi, Mwanza, Dodoma, Mbeya, Ifakara na kwingineko. Ni jambo jema, tunawahitaji. Lakini anayefundisha wodini ni yule yule daktari bingwa mwenye kliniki, upasuaji na vikao. Mtandao ungeweza kumrudishia muda wake. Arekodi mhadhara mara moja, na zile saa alizokuwa anasoma slaidi azipeleke kitandani na vijana watano. Hapo mseto una maana, na hapo ningeupigia debe bila kulipwa.

Kwenye semina moja nilinyoosha mkono nikauliza, saa zitakazookolewa zitakwenda wapi? Nikaambiwa hilo ni swali zuri sana. Kisha tukaenda kunywa chai. (Sambusa zilikuwa nzuri, nakiri.)

Halafu kuna bando. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya kula na kulala ya mkopo ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Mkopo una fungu la vitabu, la mafunzo kwa vitendo, la utafiti. La bando silioni. Chuo kinaokoa umeme wa ukumbi, kijana anaangalia video ya upasuaji kwa hela ya chipsi. Mwenye baba mwenye wi-fi nyumbani anasoma, wa Mbagala anasubiri usiku bando la bei nafuu. Tunaita hii kwenda na wakati?

Mnakumbuka dawa mseto ya malaria, ile iliyochukua nafasi ya SP. Ndani yake mna dawa mbili: moja inaangusha vimelea haraka, nyingine inabaki mwilini kumalizia waliobaki. Mfamasia akikuuzia nusu yake kwa sababu ni rahisi, utamshtaki. Kwa nini chuo kinachotoa nusu tunakipigia makofi?

Ninachodai kinaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja. Kila saa ya mhadhara inayohamishiwa mtandaoni iandikwe kwenye ratiba kama saa ya wodini, na jina la mwalimu na idadi ya wanafunzi kitandani. Chuo kisichoweza kuonyesha ratiba hiyo kisiongezewe mwanafunzi hata mmoja. TCU wana uwezo wa kulisimamia hili.

Nyie mnaosoma udaktari na uuguzi, nileteeni ratiba zenu, ya kabla ya mseto na ya baada yake. Majina yenu sitayatoa. Saa za wodini nitazihesabu mwenyewe, kwa kalamu nyekundu.